Mama Naye Mlangoni, Ufagio

Cinder Cove, Newfoundland
9 Novemba 2009

Mwanangu Selby,

Barua hii ikukute mzima, na kama imekukuta na mafua yako ya kila mwaka basi kunywa kitu cha moto kwanza ndipo uendelee kusoma. Sisi tupo. Baba yako uvimbe wa mguu umepungua lakini ubishi umeongezeka. Jana kaja kwangu kula samaki wa chumvi, kasema hawana chumvi, halafu kamaliza sufuria. Verna wa posta anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba huko Alberta. Nilimwambia aulize mwenyewe, maana mdomo wake hauna breki, na mimi sitaki kuwa tarumbeta lake.

Usiniambie nipige simu. Simu iko kwenye droo na huko itakaa. Mara ya mwisho ilipolia alikuwa mtu wa walinzi wa pwani, ananieleza kwa upole kwamba wameacha kumtafuta Leander wangu. Sitaki kusikia tena upole wa namna ile.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita dhoruba ilipiga jenereta la kijiji likalala siku tatu. Lile betri la akiba ambalo Leander aliliweka chini ya meza lilijitahidi, likalia kama mtoto, mwisho likachoka. Kompyuta ikazimika.

Wewe unajua imewaka tangu lini. Tangu asubuhi ile ya Januari aliyoinuka kitini akasema, "Mama, naenda kupiga ndege wa baharini, usiguse kitu, narudi kumalizia." Na mwiko wetu unaujua vilevile: alichokiacha wazi mtu aliye baharini hakifungwi na mwingine. Kitanda chake sikukitandika, na kompyuta yake sikuigusa hata kwa kidole. Vumbi nilikuwa nalipuliza kwa mdomo. Nimelala kwenye kochi la jikoni majira matatu ya baridi, mwanga wake ukiniangukia usoni, na wanaume wakirudi na boti usiku walikuwa wanalielekea dirisha langu.

Umeme umerudi lakini yenyewe haitaki. Feni inazunguka, skrini nyeusi, inalia piii, piii, piii, kisha kimya. Nilimwita Prosper, yule anayetengeneza kompyuta za shule huko ng'ambo ya ghuba. Kaitazama kama daktari wa ng'ombe, kasema, "Hii dawa yake ni kuipiga windo upya, Bi Drusilla. Inafutwa yote, inakuwa mpya." Nikamwambia akinifutia hata herufi moja nitamfuta yeye. Kaondoka bila chai.

Mimi sitaki mpya. Nataka wimbo wake. Mistari iliyokuwa kwenye skrini ni hii, naijua kuliko Baba Yetu:

Akapita katikati, wachezaji wakimbia,
Verna kapanda mezani, sketi ameshikilia,
Padri nyuma ya mapipa, sala ameianzia,
Mama naye mlangoni, ufagio

Hapo ndipo ulipoishia, na kile kijistari kikiwakawaka mbele ya neno kama mtu anayesubiri ruhusa. Ni ile Krismasi kondoo dume wa Chesley alipoingia ukumbini watu wakicheza. Kijiji kizima kinasema nilimcharaza kwa ufagio mpaka nje, na mimi sijawahi kubisha wala kukubali. Leander alikuwepo, kasimama karibu na jiko. Nataka kujua yeye aliona nini. Niambie kama wimbo bado umo.

Na utakuja lini?

Shangazi yako,
Drusilla


Fort McMurray, Alberta
21 Novemba 2009

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na umpe Baba shikamoo yake na kijiko chake mwenyewe, asije akamaliza na sufuria. Mimi nipo, kazi ni ileile ya kutibu mashine za watu wengine. Chakula cha kambini hakisemeki. Jana wametuletea samaki, nikamtazama, akanitazama, tukaachana salama. Mwambie Verna mchumba ninaye, ni blanketi langu.

Prosper umemfukuza vizuri. Debe tupu haliachi kuvuma. Fundi anayeanza kwa kufuta ni sawa na anayebomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea. Kwanza, usiiwashe tena. Kila ukiijaribu unaitesa bure. Pili, hizo piii tatu ndiyo lugha yake: inasema haioni kumbukumbu. Usishtuke, kumbukumbu hapa si diski. Ni vibao vidogo vyembamba ambavyo kompyuta inashikia mambo inapofanya kazi. Faili zenyewe zinakaa kwenye diski, na diski sidhani kama ina neno. Nashuku ni chumvi. Hewa ya kwetu inakula misumari ya mlango, itaacha kompyuta?

Lakini nataka twende salama. Mwombe Baba afungue kifuniko cha ubavuni, atoe diski, ni kijisanduku cha chuma ukubwa wa kitabu cha sala. Mkifunge kwenye sufu, mkitie kwenye boksi, Verna akipeleke kwenye feri. Nikikipata nitatoa nakala ya kila kitu kabla hatujagusa kingine. Hivyo ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu, na sijampotezea mtu hata picha ya paka.

Juu ya wimbo, nilicheka kuusoma, halafu nikaacha. Nilikuwa nasikia sauti yake. Unakumbuka alivyokuwa anamaliza? Anaimba macho kayafumba, na maneno ya mwisho haimbi, anayasema tu, sauti kavu, kama anaomba chumvi mezani. Hapo ndipo watu wanapiga makofi.

Theluji imeshafika magotini. Jifunike.

Mwanao,
Selby


Cinder Cove
4 Desemba 2009

Mwanangu Selby,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Baba yako kateleza kwenye ngazi ya gati, hakuvunjika kitu ila heshima. Barafu imeanza kuota kwenye kona za ghuba. Nimekuwekea jamu, chupa nne, lakini naona hukusema unakuja lini, kwa hiyo zitakungoja hapa kwenye rafu.

Diski haipandi feri. Ng'o. Nilikwenda mpaka posta nikiwa nimelibeba lile boksi, kifuniko tumeshafungua, diski tumeshaitoa, sufu nimezungusha mara mbili. Verna kanyoosha mkono. Nikatazama nje nikaiona feri inavyopanda na kushuka pale gatini, nikarudi nalo nyumbani. Selby, mtoto wangu sitamtia baharini mara ya pili. Nimeirudisha mahali pake mwenyewe. Baba yako alinimulikia tochi huku akinifundisha vibaya.

Umesema chumvi, na kweli. Kwenye ncha za vile vibao kuna ukoko wa kijani kama wa kengele ya kanisa, na masizi ya jiko langu juu yake. Nilitaka kuvisugua kwa sabuni ya vyombo, nikakumbuka sina akili hiyo, nikaacha. Nifanyeje?

Halafu hukunijibu. Nilikuuliza kama wimbo umo, ukanijibu habari za paka wa watu.

Nitakwambia kitu na usimwambie baba yako. Tangu skrini ilipozimika nasikia vibonye. Nikiwa kwenye kochi, giza limejaa, nasikia vinabonyezwa, taratibu, kama alivyokuwa anaandika yeye kwa vidole viwili. Nikiinuka, kimya. Nikajiambia ni panya. Nikaweka mtego na jibini nzuri, jibini imekauka pale pale. Na juzi Chesley kaja, kavua kofia, kakaa akiizungusha mikononi. Mwisho kasema, "Drusilla, nimemwona kijana wako gatini. Kasimama tu, maji yanamchuruzika, anatazama dirisha lako." Nikamuuliza kama alimsemesha. Kasema, "Nani anasemesha kitu kile?"

Sikuogopa. Niliona uchungu. Mtu anayeimba hawezi kukaa chini mpaka maneno ya mwisho yasemwe, hiyo ni adabu ya ukumbini, hata mtoto anaijua. Mwanangu amesimama nje kwenye baridi kwa sababu wimbo wake haujaisha, na mwanga aliokuwa anauona umezimika.

Nijibu swali langu.

Shangazi,
Drusilla


Fort McMurray
19 Desemba 2009

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa Baba na heshima yake. Hapa baridi imefika mahali ambapo mtu akitema mate anasikia yanagonga. Vijana wa kwetu waliopo kambini wanataka kupika samaki na mkate mkavu siku ya Krismasi, na mimi nimepewa kazi ya vitunguu kwa kuwa nimezoea kulia. Huo ni utani wao.

Nitakujibu sasa. Sikukujibu kwa sababu niliogopa.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka maneno. Mtu akiandika, maneno yanakaa kwenye vile vibao, na vibao vinayashika kwa umeme tu. Umeme ukikatika, yanakwenda. Yakihifadhiwa ndipo yanaandikwa kwenye diski na kubaki. Leander aliinuka akasema anarudi kumalizia. Sijui kama alihifadhi. Wewe hukugusa kitu, na mwiko ni mwiko, sikulaumu, hata Baba asingegusa. Lakini kama hakuhifadhi, Shangazi, basi kwa majira matatu ya baridi wimbo ule ulikuwa unaishi kwa pumzi ya umeme, na pumzi ilikatika usiku ule wa dhoruba.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu nikaenda kunywa maji.

Kuna tumaini moja. Programu nyingi za kuandikia huwa zinatoa nakala zenyewe, kimyakimya, kila baada ya dakika chache, bila kumuuliza mtu. Nakala hiyo inakwenda kwenye diski. Kompyuta ikiwaka na programu ikafunguliwa, itasema imepata andiko ambalo halikufungwa vizuri, na itauliza kama unalitaka. Ukijibu hulitaka, inalitupa. Kwa hiyo usibonyeze kwa haraka, na Prosper asisogee hata dirishani.

Sasa vibao. Chomoa waya wa umeme ukutani. Kabla ya kugusa kitu ndani, shika chuma cha jiko lako kwanza, maana wewe na masweta yako ya sufu mna cheche, na cheche ndogo tu inaua kibao. Sukuma vile vishikio vya pembeni, kibao kitajiinua chenyewe. Chukua raba ya penseli, ile ya kawaida ya shule, usugue zile ncha za dhahabu polepole mpaka zing'ae, halafu pangusa makombo kwa kitambaa kikavu. Sabuni hapana, maji hapana, na mate ya Baba hapana. Rudisha, bonyeza kwa dole gumba pande zote mbili mpaka usikie kimebana. Kisha washa. Ikilia piii moja fupi, umeshinda.

Uliniuliza nakuja lini. Mara zote nilizokupa sababu za ndege na likizo nilikuwa napiga chenga. Nikiwa huku, boti yake bado imefungwa gatini kwetu. Ndivyo ninavyoiona nikifumba macho. Nikija nitaona kamba tupu.

Vibonye hivyo viache. Usitege tena mtego wa panya.

Selby


Fort McMurray
30 Januari 2010

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na feri najua imepita, maana Baba ameandika, kajaza kurasa mbili juu ya bei ya mafuta na hakutaja jina lako. Nilipompigia nikamuuliza, alisema, "Shangazi yako yupo, anasugua." Anasugua nini majuma yote haya?

Kama haikuwaka, niambie. Kama imewaka na wimbo haumo, niambie vilevile, nami nitapanda ndege nije nikae nawe jikoni. Nimeshaomba ruhusa. Kimya chako kinanitisha kuliko hicho alichokiona Chesley.

Jana zamu ilipokwisha nilikaa chumbani nikajaribu kuumalizia mstari ule mwenyewe. Mama naye mlangoni, ufagio, na nini? Kila nilichoweka hakikukaa. Nikajiona kama mtu aliyevaa koti la maiti, nikachana karatasi.

Andika hata neno moja.

Mwanao,
Selby


Cinder Cove
12 Februari 2010

Mwanangu Selby,

Neno moja: nipo. Mengine ni haya.

Baba yako mzima. Ukumbi umepakwa rangi, ya kijani, mbaya sana, Verna ndiye aliyechagua. Chesley ameuza kondoo wote isipokuwa yule dume, ambaye sasa ni mzee na hana meno, anatuonea haya. Nimeongea na kasisi. Atakuja baada ya Pasaka, barafu ikiondoka, tumsomee Leander ibada, na jiwe la ukumbusho tutaliweka karibu na la baba yake. Soma mbele utaelewa.

Barua yako ya Desemba niliisoma nikakukasirikia. Nilijiambia huyu mtoto amekwenda kusomea mashine ili aje aniambie kwamba nilikaa miaka mitatu nikilinda pumzi. Niliiweka kwenye droo pamoja na simu. Krismasi ikapita. Vibao nilivitoa nikavisugua, hilo nilifanya mapema, nikiwa nimeshika jiko kama ulivyosema, nikavisugua mpaka raba ikaisha nikaazima nyingine kwa Verna. Viling'aa. Nikavirudisha. Lakini kuiwasha sikuweza. Ikiwa haijawaka, wimbo huenda umo. Nikiiwasha nitajua. Nilikuwa naisugua meza, nasugua kibodi, nasugua waya, baba yako ananitazama tu.

Wiki iliyopita vibonye vilisikika tena. Nikasema kwa sauti, "Leander, sasa basi, mama yako mtu mzima." Vikanyamaza. Nikaona aibu. Yeye kasimama kwenye baridi na mimi niliye ndani kwenye joto ndiye ninayemgombeza. Nikainuka nikabonyeza.

Ililia mara moja, fupi. Nilikaa sakafuni.

Ilichukua muda wake, ikaleta ile picha ya boti aliyoiweka. Nikafungua programu kama ulivyonielekeza, na kweli ikauliza: kuna andiko halikufungwa, unalitaka? Selby, nililisoma swali mara mbili kama ulivyonionya. Nikajibu nalitaka.

Likafunguka, na sikulitambua. Halikuanza pale nilipopajua mimi. Lilianza juu, kwa kichwa cha habari, wimbo wa Kondoo wa Chesley, utaimbwa ukumbini usiku wa chapati kabla ya Kwaresima, na beti ambazo sijawahi kuziona: theluji inavyoanguka, Chesley anavyosahau kufunga zizi. Nikashuka chini kwa kile kibonye cha mshale, nikafika kwenye mistari yangu, nikapita, na chini yake kulikuwa na mingine. Nimekaa mbele ya kitu kile miaka mitatu, nikisoma kipande kilichotosha kwenye skrini kwa herufi zake kubwa, na kwa kuwa sikuthubutu kugusa sikujua kwamba kuna juu na kuna chini. Alikuwa ameumaliza. Alikuwa amerudi juu kurekebisha mstari mmoja tu, akaufuta nusu, ndipo akaona ndege wanapita.

Ule mstari bado umekatika. Mama naye mlangoni, ufagio, basi. Lakini ubeti unaofuata unaanza hivi:

Kaufungua mlango, kondoo akatoka nje,
Wasema kamcharaza, msiwasadiki wale.

Aliona, Selby. Katika ukumbi mzima wa watu wanaopiga kelele, mwanangu aliona kwamba sikumpiga yule mnyama. Alikuwa anatetemeka kuliko sisi. Niliuachia ufagio chini, nikafungua mlango, nikasogea pembeni, akatoka mwenyewe. Sikumwambia mtu kwa sababu hadithi ya kupiga ilikuwa nzuri zaidi.

Basi nikaweka kidole kwenye vile vibonye, kimoja kimoja, nikaandika: kaachia. Mama naye mlangoni, ufagio kaachia. Unakaa. Ukisoma utaona unakaa. Nikabonyeza kuhifadhi.

Kisha nikasimama, maana wimbo wa ukumbini hauimbwi mtu amekaa. Nikaimba wote toka juu, mimi na jiko. Sauti sina, unajua, baba yako ndiye aliyepewa. Mwisho wake ni huu:

Sasa wimbo umekwisha, kondoo yuko zizini,
Chai nayo imepoa, taa yafifia chini,
Msinitazame tena, sina neno mdomoni,
Chukueni makabuti, mkalale majumbani.

Nililia hapo katikati, kwenye chai. Lakini yale ya mwisho sikuyaimba. Nilifungua mlango wa nje, baridi ikaingia, nikayasema kuelekea gatini kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nikiwaambia ninyi mlipokuwa wadogo. Mkalale majumbani. Nilisimama kidogo nikiwa nimeushika mlango, kisha nikaufunga.

Nakala nimetia kwenye kile kijiti cha kuhifadhia faili ulichoniletea mwaka ule, nimempa Verna akupelekee, nacho kitapanda feri na bahari ikikitaka ikichukue, nakala nyingine ninayo. Njoo Pasaka uuimbe ukumbini. Kamba yake gatini nimeikunja mwenyewe, hutaiona tupu.

Nilirudi jikoni nikaizima kompyuta, vizuri, kwa utaratibu, ikaaga na kulala. Nikakunja blanketi la kochi. Nikapanda juu kwenye kitanda changu, shuka zilikuwa baridi, na nililala mpaka baba yako alipokuja kugonga akidai uji.

Shangazi yako,
Drusilla